Shibiri, Kibaba na Frasila: Namna ya Kufundisha Vipimo vya Asili vya Pwani kwa Vitendo

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Lamu na Mombasa hadi Kilwa, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, watu waliunda vyombo vya baharini, walisuka mikeka, waliuza nafaka na kulipana ujira kwa vipimo vilivyokuwa na majina, uwiano na masharti yake, muda mrefu kabla ya mita na kilo kuingia madukani. Shuleni vipimo hivyo hupitiwa kwa haraka, aghalabu kama utangulizi wa somo la sentimita, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba wazee walikadiria tu kwa kuwa hawakuwa na rula. Mwongozo huu umekusudiwa mwalimu wa darasa la 4 hadi la 7, na pia mzazi au mlezi mwenye nafasi jioni, anayetaka kuvijenga upya vipimo hivyo kwa mikono, mikebe na mizani ya kijiti, kisha kuvitumia kufundishia sehemu, wastani, uwiano na ujazo. Jambo la kushikilia tangu mwanzo ni kwamba kipimo cha asili ni jina pamoja na kanuni: nani anapima, anaanzia wapi, chombo kinajazwa namna gani. Ukiacha kanuni ukabaki na jina, hesabu hazitatoka.

Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: kamba ya mkonge yenye urefu wa mita 10 hivi, chaki, rula, utepe wa kupimia wa fundi cherehani, mikebe mitupu na chupa za plastiki za ukubwa mbalimbali, kilo 3 za mchele zinazoweza kurudishwa jikoni baadaye, mizani ya kuaminika ya kuazima kwa siku moja, kijiti kilichonyooka, uzi, mchanga mkavu na daftari moja la darasa zima. Kazi yote huchukua vipindi vitano au sita, na si lazima vifuatane.

Hatua ya 1: Anza kwa wenye kazi, si kwa kitabu

Kabla ya kuandika chochote ubaoni, watume wanafunzi wakaulize nyumbani na mtaani ni vipimo gani bado vinatumika. Msusi wa ukili, ule ukanda wa kushonea mikeka, atasema habari za pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mvuvi atataja kina cha maji kwa pima hizohizo. Mchuma karafuu wa Pemba atazungumzia pishi, yaani vibaba 4, kwa kuwa ujira wa kuchuma umezoeleka kuhesabiwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Muuza boriti za mikoko atataja korija, yaani vitu 20. Na ustadhi wa madrasa atakumbusha kwamba zaka ya fitri hutajwa kwa pishi kila Ramadhani inapokaribia kwisha. Shule iliyo mbali na bahari haina sababu ya kulazimisha orodha ya pwani. Huko wanafunzi watarudi na debe, kisado, gunia, tita la kuni, mkungu na chane ya ndizi, na katika miji mingi ya Kenya watarudi na gorogoro, mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 uliogeuzwa kipimo cha mahindi na maharagwe. Debe lenyewe lilianza kama kopo la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo, kabla halijawa kipimo cha nafaka kinachojulikana bara na pwani, na hilo ni ushahidi mzuri kwamba watu huweza kukifanya chombo chochote kuwa kipimo mradi wakubaliane.

Wafundishe namna ya kuuliza. Swali la «bibi, pima ni nini?» huleta jibu fupi lisilosaidia. Swali linalozaa ni lile linaloshika kazi iliyoko mikononi mwa mtu: «Shikamoo bibi. Mkeka huu umekula ukili wa pima ngapi?» Kisha: «Ukipima, unaanzia wapi na unaishia wapi?» Na la tatu, ambalo wanafunzi husahau: «Wewe na jirani yako mkipata hesabu tofauti, mnaifuata ya nani?» Jibu la swali la tatu ndilo linalofichua kanuni, na liandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe kadiri inavyowezekana, pamoja na kazi anayoifanya. Jina lake liandikwe tu ikiwa ameridhia.

Hatua ya 2: Pima urefu kwa mwili, kwa usahihi wake

Shibiri ni umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa kadiri viwezavyo. Futuri, ambayo huitwa pia morita, ni fupi zaidi: hutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Chini ya hizo kuna wanda, ambao ni upana wa kidole kimoja, na wingi wake ni nyanda. Mkono, au dhiraa, hutoka kwenye kiwiko kwenda mbele, na hapa ndipo walimu wengi hukosea kwa kudhani mkono ni mmoja. Dhiraa kamili huishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Dhiraa konde huishia kwenye vifundo vya vidole, ngumi ikiwa imefumbwa. Tofauti ya hizo mbili kwa mtu mzima hufikia sentimita 10 hivi, kwa hiyo mtu aliyeuziwa kitambaa cha mikono 8 ya konde huku akilipia mikono 8 kamili angepungukiwa na karibu sentimita 80. Pima ni umbali kati ya ncha za vidole vya kati vya mikono miwili, mtu akiwa ameinyoosha pembeni, kifua kikiwa wazi.

Wapange wanafunzi wawili wawili. Mmoja anapima, mwenzake anatia alama ya chaki mahali hasa ncha ya kidole ilipogusa, na kipimo kinachofuata kianzie kwenye alama hiyo, bila pengo na bila kupandana. Waanze na vitu vidogo, kama dawati na mlango, wakitumia shibiri. Kisha urefu wa darasa kwa mikono. Kisha kamba kwa pima. Makosa matatu hujirudia karibu kila darasa: kiganja kinachokunjika kadiri mkono unavyochoka, gumba linaloanzia kidogo nyuma ya alama, na mwanafunzi anayepima pima huku akirudisha mabega nyuma hata pima yake ikabadilika. Usiyasahihishe yote mara moja. Acha kila jozi ipime mlango uleule mara tatu na kuandika majibu yote matatu, maana jozi isiyopata jibu moja itaanza yenyewe kutafuta sababu.

Hatua ya 3: Gundueni uwiano kabla ya kuutangaza

Mpe kila mwanafunzi kamba yenye urefu wa pima yake mwenyewe na umwambie aikunje katikati. Nusu hiyo ndiyo wari. Akikunja tena anapata kitu kilicho karibu na mkono wake, na akikunja mara ya tatu anakaribia shibiri yake. Ubaoni andika mlolongo huu baada ya wao kuuona kwenye kamba: pima 1 ni wari 2, wari 1 ni mikono 2, mkono 1 ni shibiri 2, kwa hiyo pima 1 ni mikono 4 na pia ni shibiri 8. Mfumo mzima umejengwa kwa kugawa nusu, na fundi asiye na kalamu anaweza kupata robo na thumni ya urefu wowote kwa kukunja kamba tu. Mfumo wa desimali haumpi urahisi huo, kwani kukunja kamba nusu kwa nusu hakutoi kamwe sehemu ya 10.

Tahadhari ndogo ni kwamba kamba za baadhi ya watoto hazitakubaliana kabisa na mikono yao, kwa sababu miili haikuumbwa kwa kugawanywa nusu kwa nusu. Uwiano wa 1 kwa 2 ulikuwa mapatano ya watu, na mapatano hayo ndiyo yaliyowezesha hesabu. Darasa likishakubali hilo, weka thamani ya kimataifa. Wari ililinganishwa na yadi ya Waingereza, ambayo tangu mwaka 1959 ni mita 0.9144 kamili. Kwa msingi huo mkono ni sentimita 45.72, shibiri ni sentimita 22.86, na pima ni mita 1.8288.

Sasa fanyeni hesabu za kweli. Chumba chenye urefu wa pima 3, mikono 2 na shibiri 1 kina shibiri 24, jumlisha 4, jumlisha 1, yaani 29. Ukizidisha kwa 22.86 unapata sentimita 662.94, ambazo ni mita 6.63. Njia ya kurudi ndiyo inayofundisha zaidi. Kamba ya mita 5 ni sentimita 500. Gawanya kwa 22.86 na utapata shibiri 21 na masalio ya karibu sentimita 20. Shibiri 16 za kwanza ni pima 2, nne zinazofuata ni mikono 2, inabaki shibiri 1, na zile sentimita 20 ni pungufu kidogo ya shibiri nyingine. Mwanafunzi aliyeweza kufanya hivyo bila kuelekezwa ameshaelewa nafasi ya tarakimu katika msingi usio 10, jambo ambalo kwa kawaida humtisha linapotajwa kwa jina lake.

Hatua ya 4: Mkono wa nani?

Hapa ndipo wanafunzi wenyewe watauliza swali ambalo mwalimu alikuwa akilingoja: ikiwa shibiri yangu na yako si sawa, tunajuaje urefu? Usilijibu kwa kukimbilia mita. Chukua shibiri za wanafunzi watano kwa sentimita, tuseme 15, 16, 16, 17 na 18, na utafute wastani wake, ambao ni 16.4. Chumba kilekile cha sentimita 662.94, ambacho kwa shibiri ya mapatano kilikuwa 29, kwa shibiri hii ya watoto ni zaidi kidogo ya 40. Namba zimebadilika, chumba hakikubadilika. Waache wachore majibu ya darasa zima kama grafu ya nguzo ili waone yanavyojikusanya katikati, na wapime pia pima ya kila mmoja dhidi ya kimo chake, kwani kwa watu wengi namba hizo mbili hukaribiana sana.

Kisha waongoze waone kwa nini mafundi hawakuhangaika sana na tofauti hizo. Fundi mmoja anayejenga chombo kimoja kwa mkono wake mmoja, kuanzia mkuku hadi mlingoti, hapati hitilafu itokanayo na urefu wa mkono, kwa sababu kila sehemu imepimwa kwa kipimo kilekile na uwiano wa sehemu ndio unaofanya chombo kikae sawa majini. Vivyo hivyo, mtu anayejikatia mpini wa jembe au kushona wavu wake anahitaji kitu kinacholingana na mwili wake, na mwili wake ndio kipimo bora kuliko vyote. Tatizo huzaliwa pale mikono miwili inapokutana, yaani katika kuuza na kununua, au pale fundi wa pili anapomalizia kazi ya wa kwanza. Kwa maoni yangu hili ndilo somo zito kuliko yote katika mwongozo huu, na likichukua kipindi kizima haitakuwa hasara. Zoezi linalolithibitisha ni rahisi: mwanafunzi mmoja akate vijiti vinne vya fremu ya picha kwa shibiri yake, halafu fremu nyingine ikatwe na wanafunzi wanne, kila mmoja kijiti chake, wote wakiambiwa urefu uleule wa shibiri moja. Fremu ya kwanza itakaa mraba. Ya pili haitakaa.

Hatua ya 5: Tengeneza kibaba

Kwa nafaka, mwambao ulitumia vyombo. Kibaba ndicho kipimo cha msingi ambacho kila Mswahili amekisikia, hata asiyewahi kukiona, kwa sababu ya methali ya haba na haba. Vibaba 2 ni kisaga 1, na visaga 2, yaani vibaba 4, ni pishi 1. Pishi 60 ni mzo. Kugawa nusu kumerudi tena, angalau hadi kwenye pishi.

Kibaba cha mchele kilihesabiwa kuwa na uzito wa karibu ratli moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Pimeni gramu 680 za mchele kwenye mizani ya kuazima, mimineni ndani ya chupa pana ya plastiki iliyokatwa shingo, gongeni kidogo ubavuni ili mchele utulie, sawazisheni juu na mtie alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Kateni chupa hasa kwenye alama hiyo, kwa sababu kibaba cha kweli hujaa hadi ukingoni wala hakisomwi kwa mstari wa ndani. Kisha jazeni maji kwenye chombo hicho ili mpate ujazo wake kwa mililita. Mara nyingi hukaribia 800, ikitegemea aina ya mchele na namna ulivyotulia. Andikeni namba hiyo. Kisha tengenezeni kisaga na pishi, si kwa kupima upya kwa mizani bali kwa kumimina kibaba mara 2 na mara 4, ili hitilafu ya kibaba ionekane jinsi inavyokua.

Baada ya hapo jazeni kibaba kilekile kwa maharagwe, unga wa mahindi, chumvi na, mkibahatika, karafuu kavu, mkipima uzito wa kila kimoja. Jedwali litakalopatikana litaonyesha kwamba kibaba ni kipimo cha ujazo na hakina uzito mmoja. Hapa ndipo pa kuingiza zaka ya fitri kwa darasa lenye wanafunzi Waislamu. Mafundisho yanataja pishi ya chakula, nayo pishi ni vibaba 4 kama ambavyo saa' ya Kiarabu ni mudi 4. Lakini misikiti hutangaza kilo, na makadirio ya kati ya kilo 2 na nusu na 3 husikika mara nyingi. Wanafunzi wakishaona jedwali lao wataelewa kwa nini makadirio hayo hayafanani: pishi ya mchele, pishi ya tende na pishi ya unga hazina uzito mmoja. Mwalimu abaki kwenye hesabu, na suala la hukumu awaachie wenye elimu yake.

Hatua ya 6: Tele na mfuto

Sokoni hakuna kipimo cha nafaka kisicho na ubishi juu ya ukingo. Waswahili walikuwa na majina mawili ya kuumaliza ubishi huo kabla haujaanza: kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele ni kile kilichojazwa hadi nafaka ikasimama kama kichuguu. Aliyetaja kibaba bila kusema ni cha aina gani alikuwa ameacha nusu ya makubaliano hewani.

Fanyeni jaribio hili kwa makini, kwani hesabu yake inashangaza. Tafuteni mikebe miwili yenye ujazo sawa kwa mfuto, mmoja mwembamba na mrefu, mwingine mpana na mfupi. Ikibidi, ukateni mpana polepole hadi ulingane na mwembamba kwa maji. Ijazeni yote miwili mchele kwa tele, hadi punje zianze kuporomoka pembeni, kisha mpime uzito. Mkebe mpana utakuwa na mchele mwingi zaidi, na tofauti si ndogo. Sababu ni kwamba mchele hujipanga kwa mteremko uleule popote unapomwagwa, hivyo kimo cha kichuguu hukua sambamba na upana wa mdomo, na ujazo wa kichuguu hukua kwa mchemraba wa upana huo. Mkebe wenye mdomo mara 2 ya mwingine hubeba kichuguu mara 8. Kwa darasa la 7 hesabu hii huandikwa kwa kanuni ya ujazo wa pia, yaani koni. Kwa madarasa ya chini inatosha kuhesabu vijiko vya kichuguu cha kila mkebe na kuviandika.

Endeleeni kidogo. Jazeni kibaba kwa mfuto bila kukigusa, kisha kitikiseni mara kadhaa na mwone nafaka inavyoshuka na kuacha nafasi ya konzi moja au zaidi. Anayeuza hapendi kutikisa, anayenunua hutikisa, na wote wawili wanaweza kuapa kwamba kibaba kimejaa. Kwa hiyo kanuni ya darasa iandikwe wazi: mfuto au tele, na kutikiswa au kutotikiswa. Mjadala huu una uhusiano wa moja kwa moja na lumbesa, yaani gunia linaloongezewa kilemba cha wavu juu ya mdomo wake, ambalo Wakala wa Vipimo wa Tanzania umekuwa ukilipiga vita kwa sababu mkulima hulipwa gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Lumbesa ni tele iliyopoteza mapatano yake: upande mmoja ndio unaoamua kichuguu kiwe kirefu kiasi gani.

Hatua ya 7: Mizani ya kijiti na wakia

Kwa uzito, ngazi ni hizi: wakia 16 ni ratli 1, ratli 3 ni mani 1, na mani 12 ni frasila 1. Frasila ndiyo iliyotawala biashara ya pembe za ndovu na karafuu Zanzibar katika karne ya 19, nayo ilihesabiwa kwa ratli 35 au 36, yaani karibu kilo 16. Wakia ilikuwa na kielelezo ambacho mtu aliweza kukishika mkononi: uzito wa reale moja ya fedha, ile yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, ambayo ina gramu 28.07. Sarafu hiyo ilitembea Bahari Nyekundu, Oman na Afrika Mashariki kwa vizazi vingi bila kubadilishwa uzito, kwa hiyo sonara na mfanyabiashara waliweza kuitia kwenye mizani kama jiwe la kupimia.

Fungeni uzi katikati ya kijiti, mning'inize vifuniko viwili vya ukubwa mmoja kwenye ncha, na mrekebishe hadi kijiti kilale sawa. Tengenezeni wakia kwa kifuko cha mchanga cha gramu 28. Kifuko cha pili kisipimwe kwa mizani ya duka. Kisawazishwe dhidi ya cha kwanza kwenye mizani ya kijiti. Viwili vikitiwa upande mmoja vinatoa cha wakia 2, vinne vinatoa cha wakia 4, na hivyo hivyo hadi ratli. Mwisho pimeni ratli yenu kwenye mizani ya kuazima: inapaswa kukaribia gramu 448, na pengo lolote ni mkusanyiko wa makosa madogo ambayo wanafunzi wanaweza kuyafuatilia nyuma hadi kwenye kifuko kilichoharibika. Hakuna haja ya kujenga frasila. Inatosha kuizidisha kwa karatasi, kisha kumwomba mwanafunzi mmoja anyanyue ndoo ya maji ya lita 16 ili ajue frasila moja ina uzito gani.

Hatua ya 8: Vipimo vya idadi

Sehemu hii ni fupi. Korija ni vitu 20, na ndiyo inayohesabia boriti za mikoko. Doti ni jozi ya kanga, vipande viwili ambavyo bado havijakatwa. Katika biashara ya nguo ya karne ya 19 doti ilikuwa mikono 8 na upande wake mmoja mikono 4, na jora ni kitambaa kizima kilichokunjwa, kabla hakijakatwa. Mpe mwanafunzi swali linalounganisha: nyumba ya mawe ya Lamu ina chumba kinachohitaji boriti 34, je, anunue korija ngapi na zitabaki boriti ngapi? Mgawanyo wenye masalio hueleweka upesi zaidi kwa boriti kuliko kwa namba tupu.

Hatua ya 9: Tathmini, na mpaka wa sheria

Usitahini majina. Mwanafunzi anayeweza kukariri kwamba pishi ni vibaba 4 hajaonyesha chochote ambacho kasuku hawezi. Mpe badala yake kazi ya kuamua: kuna mkebe usio na jina, kilo 1 ya maharagwe na kibaba cha darasa, aseme mkebe huo ni sehemu gani ya pishi, aeleze ametumia mfuto au tele, na akadirie hitilafu yake. Kazi ya pili iwe ya maandishi, ukurasa mmoja, akieleza kanuni ya kipimo kimoja alichokikuta kwa mwenye kazi mtaani, kwa namna ambayo mtu asiyekijua angeweza kukitumia na kupata jibu lilelile. Alama nyingi ziende kwenye ukamilifu wa kanuni. Madarasa ya chini, ambayo huanza na vipimo visivyo rasmi kabla ya sentimita, yanaweza kufanya hatua ya 2 na sehemu ya hatua ya 5 pekee.

Wanafunzi waelezwe pia kwamba vyombo hivi ni vya kufundishia. Biashara ya nafaka kwa umma hutakiwa kufanywa kwa mizani na vipimo vilivyohakikiwa, Tanzania chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Kenya chini ya Sura ya 513, kwa hiyo kibaba cha darasa kisihamie kwenye genge la mtu hata kama kimetengenezwa kwa uangalifu. Kila chombo kibandikwe karatasi yenye jina lake na maneno «cha kufundishia», na daftari la darasa lihifadhi mambo manne kwa kila kimoja: ujazo wake kwa mililita hadi ukingoni, uzito wa mchele kwa mfuto, uzito wa mchele kwa tele, na tarehe ya kupima. Chupa ikipasuka mwaka ujao, namba hizo zitatosha kutengenezea nyingine bila kuazima mizani tena.